Kidhibiti Sauti: Kati ya Mkono na Sikio

Huko Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu, mtoto aambiwapo usiku "punguza sauti", huzungusha kidude kimoja tu cha redio. Neno lenyewe limetwikwa mizigo mitatu: kinachosikika, koo la mwimbaji na ukubwa wa mlio. Fundi asemaye "volyumu" amewatangulia wanaistilahi.

Ndani ya kidude mna utepe wa kaboni unaozuia umeme, na ncha iutelezayo. Sikio hupima kwa uwiano: ili muziki usikike maradufu, nguvu ya umeme huzidishwa takriban mara 10. Kwa hiyo kidude kikiwa katikati, utepe hupitisha kama asilimia 10 hadi 15 tu ya volti.

Katika stereo tepe ni mbili, nazo aghalabu hazilingani sauti ikiwa chini. Mwimbaji aliyesikika katikati huhamia upande mmoja. Ndiyo sababu priamplifaya nyingi za bei ghali, yaani vitangulizi vya amplifaya, huiacha kaboni na kutumia swichi ya vituo, mathalani 24, kila kituo na rezista zake zilizolinganishwa. Hata hivyo, sauti hapo hupanda kwa ngazi. Kwa anayesikiliza wenzake wamelala, huenda ngazi moja ikawa ndogo mno na inayofuata kubwa mno.