Taa ya Injini Inaporudi Kuwaka

Mwenye gari wa Junju, kaunti ya Kilifi, akiwakiwa na taa ya injini kwenye dashibodi huwa na njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kulipeleka gari Mtwapa au Kilifi mjini kwa fundi mwenye mashine ya kusoma misimbo, aambiwe ni P0171 au P0302, anunue kifaa, alipe, msimbo ufutwe, arudi nyumbani. Ya pili ni kuchomoa waya wa betri kwa dakika chache ili taa izime bila gharama. Mara nyingi njia zote mbili huishia pamoja: siku chache hazijapita taa imewaka tena, na gari likisimama kungoja abiria linatetemeka vilevile hadi dashibodi inalia. Nashikilia kwamba kurudi huko si mkosi wala si ukaidi wa gari la mtumba. Ni matokeo ya kuusoma msimbo kana kwamba ni jina la kifaa kilichoharibika, ilhali msimbo ni ushahidi tu, na ushahidi hupimwa kabla ya hukumu.

Mfumo huu wa misimbo na taa haukubuniwa ili kumwonyesha fundi kipuri cha kununua. Ulianzia California, Marekani, kwa sababu ya moshi uliokuwa ukichafua hewa ya miji, na kuanzia magari ya mwaka 1996 ukawa lazima kwa kila gari dogo jipya lililouzwa nchini humo. Ulaya iliulazimisha kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, na watengenezaji wa Japani nao wakaweka soketi ile ile ya pini 16 chini ya usukani. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, magari ya mtumba yanayoshushwa bandarini Mombasa siku hizi huja nao. Kazi ya taa, basi, ni kutoa habari kwamba kuna jambo linaloweza kuongeza moshi mchafu. Kompyuta ya injini haina macho ya kuona plagi iliyochakaa wala mpira uliopasuka. Inapokea vipimo kutoka kwa vihisi vyake, ambavyo mafundi huviita sensa, inavilinganisha na ilichotarajia, na tofauti ikizidi kiwango inaandika msimbo. Kwa hitilafu nyingi haiwashi taa mara ya kwanza, bali husubiri ilione tatizo lile lile katika safari mbili. Jambo hilo peke yake linaeleza hadaa iliyowagharimu wengi: msimbo ukifutwa leo, taa huenda isiwake hadi kesho au keshokutwa hata kama hakuna kilichotengenezwa, na mteja ataondoka gereji akiamini kazi imekwisha.

Tuuchukue P0171, kwa sababu ndio unaosomwa vibaya zaidi. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Injini ya petroli huchoma vizuri kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na sensa iliyo kwenye ekzosti huangalia oksijeni iliyobaki baada ya mlipuko. Ikiona oksijeni nyingi, kompyuta huongeza petroli. Ikiendelea kuona nyingi, huongeza tena, na nyongeza ikipita mpaka wake ndipo msimbo unapoandikwa. Sasa ni nini kinachoweza kuacha oksijeni nyingi kwenye ekzosti? Mpira wa vakyumu uliopasuka unavuta hewa isiyohesabiwa. Sensa ya kupima hewa, ikifunikwa na vumbi, inahesabu pungufu. Pampu ya petroli imechoka, au injekta imeziba. Ekzosti imetoboka mbele ya sensa na inanyonya hewa ya nje. Hata silinda isiyowaka hupitisha hewa yake yote bila kuunguzwa, nayo sensa huihesabu. Katika mazingira yote hayo sensa ya oksijeni imesema kweli tupu. Lakini kwa kuwa mashine imetaja oksijeni au mchanganyiko, sensa hiyo ndiyo inayong'olewa na kununuliwa mpya, kisha gari linarudi barabarani likiwa na mpira wake uliopasuka.

Watu wa Junju hawahitaji kufundishwa tofauti hii ya ushahidi na hukumu kwa mifano ya mbali. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao kituo chao kiko Kilifi tangu 1989, wamefuatilia watoto wa Junju kwa miaka mingi, wakiwapitia kila wiki na kumpima damu kila aliyekutwa na homa. Sababu ya kumtoboa mtoto kidole badala ya kumpa dawa papo hapo ni kwamba homa yaweza kuwa malaria na yaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, umri wowote. Msimbo wa injini ni homa ya gari. Mzazi ambaye leo hakubali mwanawe apewe dawa ya malaria bila kipimo hana sababu ya kukubali gari linalomlisha lipewe sensa mpya bila kipimo.

Na vipimo vipo, vingi havidai hata kununua kitu. Cha kwanza ni kuangalia, kwenye mashine ile ile iliyosoma msimbo, ni asilimia ngapi ya petroli kompyuta inaongeza au kupunguza. Namba hizo hubadilika injini ikizunguka, na kwa injini nzima hukaa ndani ya asilimia 10 hivi juu au chini ya sufuri. Injini ikiwa imepata moto, namba husomwa kwanza bila kukanyaga mafuta, ambapo magari mengi madogo huzunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika, kisha kwa mizunguko 2,500. Ikiwa nyongeza ni kubwa gari likiwa limetulia, kisha inashuka mafuta yanapokanyagwa, mshukiwa ni mpira wa vakyumu au gasketi ya manifoldi. Gari likitulia, mlango wa hewa huwa karibu umefungwa na hewa inayoingia ni kidogo, hivyo tundu dogo huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Mafuta yakikanyagwa hewa halali huwa nyingi na tundu lile halisumbui tena. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia salama kutoka Mtwapa hadi Kilifi kisha likatetemeka stejini. Hali ikiwa kinyume, namba nzuri gari likitulia na nyongeza ikipanda kadiri mafuta yanavyokanyagwa, macho yaelekezwe kwenye pampu, chujio la petroli na sensa ya kupima hewa. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na kimekwisha kugawa washukiwa mafungu mawili kabla spana haijashikwa.

Kwa P0302, yaani silinda ya pili haiwaki, kipimo ni chepesi zaidi. Probox na Fielder nyingi za Toyota zenye injini ya 1NZ zina koili moja juu ya kila plagi. Koili ya silinda ya pili ihamishiwe ya tatu na ya tatu iende ya pili, kisha gari liendeshwe. Msimbo ukigeuka kuwa P0303, tatizo limehama pamoja na koili na ushahidi umekamilika. Msimbo usipohama, plagi zibadilishane nafasi vivyo hivyo, halafu injekta, na mwisho ipimwe kompresheni ya silinda yenyewe. Anayenunua koili nne kwa pamoja kwa sababu moja imeshukiwa amelipia tatu ambazo hazikuwa na kosa. Kuna pia mtetemo ambao hauna msimbo wala hauhusiani na uchomaji: raba za kushikilia injini zimekatika, na injini inayozunguka sawasawa inatingisha bodi nzima. Huo hauwezi kutajwa na mashine yoyote, kwa kuwa hakuna sensa inayouangalia.

Pwani ina adha zake. Hewa ya chumvi na unyevu huingia kwenye soketi za nyaya na kuzitia kutu ya kijani, na kutu hiyo huongeza ukinzani hadi kompyuta ikapokea kipimo cha uongo kutoka kwa sensa nzima. Waya wa kuunganisha injini na bodi ukishika kutu, misimbo kadhaa isiyohusiana huweza kujitokeza kwa pamoja. Fundi akiona misimbo minne ya vifaa vinne tofauti, busara ni kuanza na betri na nyaya za bodi, si kununua vifaa vinne. Vumbi la barabara za ndani, kuelekea Chasimba na Mwarakaya, huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na chujio bovu lisilobana huruhusu vumbi kufika kwenye sensa. Petroli nayo ina historia yake. Uchanganyaji wa mafuta taa ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida yake. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko kama huo hugonga, huchafua plagi, na huandika msimbo wa silinda kutowaka ingawa koili ni nzima.

Mafundi wa siku nyingi watapinga kwamba wao waliijua injini kwa sikio kabla ya mashine hizi kuja. Ni kweli, na sikio hilo bado lina thamani: mluzi wa hewa inayovutwa penye ufa husikika kabla namba hazijasomwa. Lakini kompyuta ya leo huficha ugonjwa kwa kuufidia. Inaweza kuongeza petroli kwa asilimia 20 na injini ikasikika nzima, huku mwenye gari akishangaa kwa nini mafuta hayakai. Wengine watasema kwamba wakati mwingine sensa huwa imekufa kweli, na ikibadilishwa gari hupona. Nakubali. Upo hata msimbo unaotaja hitilafu ya hita iliyo ndani ya sensa ya oksijeni, na mara nyingi kosa huwa ndani ya sensa yenyewe. Hata hapo, kupima hita na waya wake kwa mita ni kazi fupi, na kunamwondolea mteja hatari ya kulipia sensa ilhali fyuzi ndiyo iliyokatika.

Pingamizi zito ni la pesa. Dereva wa matatu au teksi analipwa kwa siku gari linapotembea, na fundi analipwa akibadilisha kifaa. Hakuna anayetaka kulipa mtu aliyeangalia tu. Hapa ndipo ninapoona kosa halisi, na si la fundi peke yake. Mteja anayekataa kulipia nusu saa ya kupima, kisha akalipa bila kinyongo sensa isiyohitajika, amemfundisha fundi kubahatisha. Bei ya kupima ikubaliwe kabla, peke yake, mbali na bei ya kutengeneza, na fundi aliyepima akakuta mpira wa vakyumu wa bei ndogo alipwe kama aliyefanya kazi kubwa, kwa kuwa ameifanya.

Kuna hali moja isiyoruhusu kusubiri. Taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, silinda inapitisha petroli ambayo haijaungua hadi kwenye katalisti ya ekzosti, nayo hupata joto la kuyeyusha masega yake. Gari lipunguzwe mwendo na lisimamishwe mahali salama. Katika hali nyingine zote, lisilofaa ni kufuta kwanza. Kufuta, au kuchomoa betri, kunaondoa picha ya hali ambayo kompyuta iliihifadhi hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo wa injini, na kunarudisha sufuri masahihisho ya petroli iliyojifunza. Kwenye magari mengi yenye mlango wa hewa unaoendeshwa kwa umeme, injini hulazimika kujifunza upya namna ya kutulia, na baadhi hutetemeka kwa muda kwa sababu hiyo tu, hivyo tiba yenyewe ikaonekana ni ugonjwa.

Daftari la shilingi chache ndani ya gari lingeokoa mengi. Kabla ya chochote kufutwa, ndani yake iandikwe tarehe, kilomita, msimbo uliowasha taa na ule unaosubiri safari ya pili, namba za nyongeza ya petroli injini ikiwa ya moto, kwanza ikitulia kisha kwa mizunguko 2,500, na jina la kifaa kilichobadilishwa pamoja na kipimo kilichokitia hatiani. Gari likiuzwa, daftari liende nalo.