Unabadilisha Tairi za Ndai? Soma Hizi Namba Kabla Utoe Doo

Mvua ikinyesha Thika Road ndio utajua kama tairi zako zinashika lami ama zinateleza tu. Na si lazima ziwe kipara. Zile za mtumba, ex-Japan, zinaweza kuwa na meno fiti kabisa na bado zikuangushe, juu mpira ukizeeka hukauka ukawa mgumu.

So ukifika Kirinyaga Road, usicheki meno pekee. Angalia ubavuni, penye imeandikwa DOT. Namba nne za mwisho ndio cheti ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka wa 2019. Muuzaji akikushow "hii ni kama mpya, boss," wewe soma tu.

Kama iko na neno Traction, AA ndio inashika poa zaidi ukifunga breki kwa maji. C iko mkia. Treadwear ikiwa juu, tairi itakaa sana, lakini mara nyingi mpira wake ni mgumu, so haishiki vile.

Saizi ibaki ile imebandikwa kwa mlango wa dere, kama 195/65R15.

Doo ni ya mbili tu? Weka mpya nyuma, hata kama ndai inavutwa na mbele. Mbele ikiteleza, ukitoa mguu kwa mafuta pole pole inaweza kurudi. Nyuma ikiteleza, gari inazunguka mzima mzima, na hapo madere wengi hawawezi kuirudisha.