Mshika Mbili Moja Humponyoka

Muhula uliopita mimi, karani wa darasa, nilikiona cha mtema kuni. Kwenye kompyuta nilikuwa na orodha kubwa yenye jina, bweni na alama za kila mwanafunzi. Kiranja wa bweni nilimpa ndogo, ya majina na mabweni tu. Mwenzetu mmoja akahamishwa bweni. Kiranja akasahihisha yake, yangu ikabaki vilevile. Juma lililofuata nikachapisha orodha mpya kutoka ile kubwa. Wacha! Kwa karatasi yangu, maskini yule akakosa kitanda.

Kumbe wataalamu wa programu wana dawa: mageuzi ya pande mbili. Mwaka wa 2005 Nate Foster, Benjamin Pierce na wenzao walieleza chombo walichokiita lenzi. Lenzi ina kazi mbili. Ya kwanza hutoa orodha ndogo kutoka kubwa. Ya pili huchukua ndogo iliyosahihishwa pamoja na kubwa ya zamani, kisha hulirudisha sahihisho mahali pake. Ya zamani ya nini tena? Ndogo haina alama, bila ya zamani alama zetu zingepotea zote!

Sheria nazo ni mbili. Usipobadilisha kitu katika ndogo, kubwa nayo isibadilike. Na ukirudisha sahihisho, kisha ukatoa ndogo upya, ulikute sahihisho lilelile.

Jamani, kosa halikuwa la kompyuta. Mimi ndimi niliyeshika mbili bila kuziunganisha.