Shanga za Chupa kwa Mwenye Maumivu Sugu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi homa ya chikungunya inavyoweza kumwachia mgonjwa viungo vinavyouma kwa miezi, wengine kwa miaka. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, upande wa Newala. Ulizuka Lamu mwaka 2004, kisha Mombasa kuanzia mwisho wa 2017. Ukunda na Msambweni nazo ni vituo ambako Chuo Kikuu cha Stanford na watafiti wa Kenya wameufuatilia pamoja na dengi. Basi hapa kwetu pwani huhitaji tochi kumtafuta mtu asiyeweza kukunja ngumi asubuhi. Leo tuje kwenye nililoahidi: kazi ya mkono inayomfaa mtu huyo, kutengeneza shanga za kioo.

Maumivu huhesabiwa kuwa sugu yakipita miezi 3. Wengi wenye maumivu hayo huangushwa na siku nzuri. Mtu akiamka mwepesi, atafua, apalilie, akune nazi, aende sokoni. Kesho yake na keshokutwa hainuki. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya viungo hufundisha kupima kazi kwa saa: muda uliojipangia ukifika unaacha, hata kama mwili unasema bado. Kusema ni rahisi. Mshonaji hujiambia amalizie pindo, msusi wa mkeka amalizie ukili. Kwenye ushanga wa kioo, moto wenyewe hukukatia muda.

Chukua waya mnene wa chuma cha pua, uchovye kwenye uji wa kaolini, ule udongo mweupe, uuache ukauke. Bila udongo huo ushanga hugandamana na waya na hautoki tena. Mkono mmoja unashika waya, wa pili ufito wa kioo, na katikati kuna kichomeo cha gesi, mfano wa kile cha mafundi wa friji. Kioo kikipita nyuzi 700 hulegea kama asali. Unakizungushia kwenye waya huku ukiuviringisha bila kukoma, maana ukisita kidogo tu kinaning'inia upande mmoja. Baada ya dakika chache umemaliza, upende usipende. Ushanga unaingia kwenye tanuri lenye nyuzi 500 na kitu, kisha unaachwa upoe polepole kwa saa kadhaa. Ukipozwa haraka utapasuka, kama si leo basi siku utakapokuwa shingoni mwa mtu.

Kuviringisha waya hakuhitaji nguvu, ila vidole vikakamavu haviwezi kushika kitu chembamba. Funga kishikio kwa kipande cha mpira wa baiskeli mpaka kinenepe, kaa juu ya kiti kirefu, viwiko vyote viwili vitue mezani. Vaa miwani maalumu ya kazi hiyo. Mwanga wa njano unaotoka kwenye kioo kilichowaka hukuziba macho usione unachounda. Fanyia penye hewa, na tafadhali, si ndani ya banda la makuti.

Malighafi haituishii. Hoteli za Diani hutupa chupa za mvinyo za kijani, za kahawia, mara nyingine za buluu. Usichanganye tu. Kila kioo husinyaa kwa kiwango chake kinapopoa, na viwili visivyopatana hutengana kwa ufa. Ushanga mmoja, chupa moja.

Kwa mikono iliyoumia zaidi, mimi napendelea njia ya Wakrobo wa Ghana, ambayo haina kichomeo. Wao husaga chupa kuwa unga, huujaza katika vikalibu vya udongo, na katikati husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Ndani ya tanuri kikonyo huungua na kuacha tundu. Kujaza kikalibu unaweza kuacha wakati wowote na kurudi kesho. Kutwanga ndiko kubaya, kwa viganja na kwa mapafu: mwachie mpwa wako mwenye nguvu, azibe pua na mdomo kwa barakoa, na unga ulowe maji usipeperuke.

Inashangaza kwamba pwani hii imenunua shanga za kioo kutoka India, na baadaye Venice, kwa karne nyingi, na mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948 alizikuta ardhini, ilhali mchanga wa silika, mama wa kioo, unachimbwa papa hapa Waa na Tiwi. Walioamka ni wa bara. Kitengela, karakana za Nani Croze na mwanawe Anselm hufanya kazi na kioo chakavu. Arusha, karakana ya Shanga imeajiri watu wenye ulemavu tangu 2007, nao hutengeneza shanga kwa chupa zilizotupwa.

Je, inatibu? La. Mwaka 1965 wanasayansi Melzack na Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una namna ya lango linalopunguza au kuongeza taarifa za maumivu kabla hazijafika ubongoni, na kwamba ubongo nao una sauti katika kulifunga. Akili iliyozama kwenye kioo kinachotaka kudondoka husikia maumivu kidogo kwa muda huo. Dawa zako na mazoezi yako yabaki palepale.

Mwenye sikoseli achukue tahadhari ya pekee: joto la moto hukausha mwili, na upungufu wa maji ni mojawapo ya vichocheo vya shambulio. Chupa ya maji ya kunywa ikae mezani, naye afanye kazi alfajiri kabla jua halijapanda.

Juma lijalo: jinsi ya kujenga tanuri dogo kwa udongo wa kichuguu, na gharama ya gesi.