Kitabu kwenye simu nacho kina mwenyewe

Mzazi wa Musoma au Bunda akitumiwa kitabu kizima kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hushukuru kuokoa fedha. Lakini kitabu hicho kina mwenyewe.

Mfano uko Butiama. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa 1969. Shakespeare alifariki 1616, hivyo kazi yake sasa ni ya wote. Tafsiri ya Mwalimu, aliyefariki 1999, bado inalindwa: sheria ya hakimiliki nchini humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo.

Mweleze mwanao: kuazimana kitabu kilichonunuliwa ni sawa, kukipiga picha na kukisambaza ni kumnyima mwandishi jasho lake.