Mvua, malaria na tarehe iliyogeuka

Tuseme umepewa mafaili mawili ya kata ya Zinga, Bagamoyo: moja la wagonjwa wa malaria, lingine la vipimo vya mvua. Unataka kuyaunganisha kwa Python. Rahisi? Subiri kidogo.

Faili moja limeandika "Zinga", lingine "ZINGA " na nafasi tupu mwishoni. Kwa Python hizo ni sehemu mbili tofauti, na mistari inapotea kimyakimya. Tumia strip() na lower(). Ndiyo maana DHIS2, mfumo ambao Tanzania hukusanyia takwimu za vituo vya afya, humpa kila kituo utambulisho wa herufi na tarakimu 11. Ukiwa nao, achana na majina.

Lakini tarehe ndiyo balaa lenyewe. Sisi tukiandika 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili, masika yamekolea. Pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali, isipoambiwa huisoma Kimarekani: Machi 4. Hakuna onyo lolote. Na malaria huifuata mvua wiki kadhaa baadaye, maana mbu lazima wazaliane kwanza. Ukimrudisha mgonjwa mwezi mzima nyuma, grafu inaweza kuonyesha ugonjwa unaitangulia mvua! Matoleo ya kabla ya 2.0 (2023) yalikuwa mabaya zaidi: 25/04 ilisomwa sawa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, huku 03/04 ikigeuzwa, ndani ya safu ileile.

Basi itajie mpangilio mwenyewe: format="%d/%m/%Y". Halafu hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Ikipungua, usichore grafu bado.