Mtoto Anyamazapo

Wazazi wengi humsifu mtoto mkimya. Husema, “Huyu wangu ana adabu, hana maneno.” Lakini ukimya una namna mbili. Mtoto mmoja hunyamaza kwa kuwa anawaheshimu wakubwa. Mwingine hunyamaza kwa kuwa anawaogopa. Kwa nje wanafanana kabisa. Tofauti yao huonekana siku wanapofikwa na jambo zito: wa kwanza humwendea mama yake akamweleza, wa pili huficha.

Tutwae mfano wa siku zote. Mtoto wa miaka 11 ametumwa kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Njiani apoteza fedha ya chenji. Akirudi na kusema kweli, hupigwa. Akisema kwamba mwenye mashine ameongeza bei, huachwa salama. Je, siku hiyo amejifunza nini? Hakujifunza kutunza fedha. Amejifunza kwamba nyumbani kweli hulipwa kwa fimbo, na uongo hulipwa kwa amani. Kesho mtu asiyemjua akimwita njiani, akampa zawadi na kumwambia, “Usiwaambie wa kwenu,” mtoto huyo hatasumbuka. Kazi ya kuficha ameizoea.

Mahali pengine jambo hili laweza kuleta aibu tu. Kwetu Kiwanja laweza kuleta msiba. Wasomaji wetu wa Rutshuru hawana haja ya kukumbushwa. Mwanzoni mwa Novemba 2008 raia wengi waliuawa katika mji huu. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa walifika 150. Mwaka 2012 mji uliingia mikononi mwa M23 hadi Oktoba 2013, na mwezi wa Oktoba 2022 wakautwaa tena. Katika miaka hiyo yote makundi ya silaha ya namna nyingi yamewachukua watoto wa Kivu, wengine kwa nguvu, wengine kwa maneno matamu. Penye nguvu, mzazi huenda asiweze kitu. Lakini mwenye maneno matamu hapendi mtoto ambaye jioni atamweleza baba yake yote aliyoambiwa mchana.

Tena tukumbuke kwamba watoto wa 2008 leo ni watu wazima. Aliyekuwa na miaka 7 siku zile sasa amepita miaka 20, na labda yeye mwenyewe ni mzazi. Katika siku za vita mtoto huambiwa: usiseme baba yuko wapi, usiseme tunalala wapi. Mbele ya watu wenye silaha hiyo ni busara. Lakini haifai desturi ya njiani igeuke kuwa sheria ya nyumbani, mtoto asimwambie hata mama yake linalomuumiza.

Basi, mtoto ataaminije? Haamini kwa kuamriwa. Huamini kwa kuona, siku baada ya siku.

Kwanza, huona kama tunatimiza ahadi. Ahadi ni deni, na deni la mtoto lalipwa kama deni la mkubwa. Ukimwahidi daftari siku ya soko, na fedha isipatikane, usijifiche nyuma ya kazi. Mwite, umweleze. Mtoto huvumilia umaskini kuliko tunavyodhani. Asichovumilia ni kudanganywa.

Pili, huona kama twamwambia kweli. Katika nyumba nyingi kuna mtu aliyepotea au kufa, naye mtoto huambiwa mwaka mzima, “Atarudi.” Yeye huusoma uso wa mama yake, akajua. Afadhali aambiwe kwa maneno machache yanayofaa umri wake, na mkono wa mzazi ukiwa begani mwake.

Tatu, huona kama twamsikiliza hadi mwisho kabla ya kuhukumu.

Shuleni mambo ni yale yale. Mwaka 1884 Mtakatifu Yohane Bosco aliwaandikia wenzake barua kutoka Roma. Alionya kwamba haitoshi vijana wapendwe. Ni lazima wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Akawataka walimu washuke uwanjani wakati wa michezo, kwa maana mwalimu aonekanaye mbele ya ubao tu hubaki mwalimu, wala hawi ndugu. Wasalesiani, wafuasi wake, wanaifuata njia hiyo huko Ngangi, mjini Goma, kati ya watoto wasio na makao na wale walioumizwa na vita. Haihitaji fedha. Yahitaji mwalimu ajue jina la kila mtoto, na aulize kwa upole kwa nini jana hakuja.

Swali hilo dogo lina faida kubwa. Mara nyingi mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo haendi nyumbani. Aona haya kumwongezea mama mzigo, naye huzurura mpaka saa ya kutoka. Mwalimu humdhani yuko kwao. Mzazi humdhani yuko darasani. Katika saa hizo hana mlinzi. Mzazi na mwalimu wakisalimiana sokoni au baada ya Misa na kuulizana habari zake, pengo hilo huzibika.

Wengine watasema, “Mkiondoa hofu, mtaondoa adabu.” Sivyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto haikufuta adabu; inataka mtoto aonywe bila kutendewa ukatili. Aliyepoteza fedha ya mashine na afanye kazi ya ziada hadi kosa lilipwe. Hiyo ni haki, naye ataielewa. Lakini aliyekuja mwenyewe kusema kweli asipigwe kwa sababu ya kweli yake. Tutenganishe mambo haya mawili: kosa lipate adhabu yake, na ukweli upate shukrani yake.

Jioni ya leo, enyi baba na mama, mketipo kuzunguka chakula, mwulizeni kila mtoto alichokiona leo njiani. Kisha nyamazeni ninyi, aseme yeye.